Kupima Dawa kwa Mizani ya Haki



Kila mkulima wa Bukoba na Muleba ajua maana ya mizani. Apelekapo kahawa yake kwenye chama cha ushirika, hatazami gunia peke yake; hutazama pia kama mizani ni ya haki na kama karani amesoma sawasawa. Lakini mtu huyo huyo akiumwa tumbo miezi sita, kisha jirani akamletea chupa ya dawa, pengine huinywa yote bila kuuliza neno. Basi leo twataka kusema habari za kupima dawa, hasa zile zisizo za kawaida ya hospitali, kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa matumbo usiokwisha.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1932 madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York, yaani Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, waliandika habari za ugonjwa mmoja wa utumbo, nao tangu hapo waitwa ugonjwa wa Crohn. Utumbo huvimba na kufanya vidonda, mara nyingi mwishoni mwa utumbo mwembamba, ingawa waweza kushika mahali po pote tangu kinywani. Mgonjwa huumwa tumbo, huharisha siku nyingi, hukonda, hupungukiwa damu, na pengine hupata homa. Hutulia kwa muda, kisha hurudi. Hauambukizi, wala si laana, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Ni kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na adui, ambayo imegeuka kupigana na utumbo wenyewe.

Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Zipo za kuutuliza. Na hapa mizani yetu ianze kazi, kwa maana si haki kupima majani na mizizi tu, na kuacha vidonge. Prednisoloni ikitumiwa siku nyingi huvimbisha uso, hupandisha sukari ya damu na kudhoofisha mifupa. Azathioprini yaweza kupunguza chembe za damu na kuumiza ini. Ziko na sindano ziwezazo kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Madaktari wanayajua hayo; ndiyo sababu huwapima wagonjwa damu mara kwa mara. Basi si kwamba dawa ya hospitali haina madhara, bali madhara yake yameandikwa, na yuko mtu aliyewekwa kuyaangalia.

Tena ijulikane kwamba kifua kikuu cha matumbo hufanana sana na ugonjwa wa Crohn. Mwenye kifua kikuu akidhaniwa kuwa na Crohn, akapewa prednisoloni peke yake, ugonjwa wake huenea kama moto wa nyasi kavu. Kwa hiyo neno hili, "Dawa hii ilimponya fulani," halitoshi. Huenda ugonjwa wa fulani si ugonjwa wako.

Dawa za kibanjani

Wataalamu waliandika habari za miti ya dawa ya mkoa wetu. Katika kata ya Katoro, wilaya ya Bukoba, walitaja aina 33 katika habari waliyoitoa mwaka 2010. Na katika kijiji cha Kikuku, wilaya ya Muleba, aina 49 mwaka 2012. Elimu hii ya wazee si ya kudharauliwa. Nani kwetu asiyeujua omubilizi na uchungu wa majani yake?

Lakini jani lililo na nguvu ya kuponya lina na nguvu ya kudhuru. Tazameni shubiri. Utomvu wake wa manjano, ulio chini ya ganda, huendesha tumbo kwa nguvu. Mwenye kufunga choo huenda akashukuru. Mwenye vidonda vya utumbo, ambaye tayari aharisha mara nane kwa siku, huishiwa maji na chumvi za mwili, akazimia. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilikataza dawa za kuendesha zilizotengenezwa kwa shubiri zisiuzwe ovyo madukani, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa. Hata tunda laweza kugombana na dawa: maji ya balungi huzidisha mwilini nguvu ya budesonidi, mojawapo ya dawa za Crohn. Na vidonge vya maumivu vinunuliwavyo dukani, kama diklofenaki, vyaweza kuuchochea ugonjwa huu.

Minyoo iliyofanywa dawa

Watoto wetu shuleni hupewa dawa za kuua minyoo na kichocho, na wazee waijua safura jinsi imalizavyo damu. Kumbe ng'ambo wako waliomeza minyoo ili wapone! Wataalamu waliona kwamba ugonjwa wa Crohn ni haba katika nchi zenye minyoo mingi, wakafikiri labda minyoo huipoza kinga ya mwili. Huko Iowa, Marekani, Joel Weinstock na wenzake waliwanywesha wagonjwa 29 mayai ya mnyoo mmoja wa nguruwe kila baada ya majuma matatu. Mwaka 2005 walitangaza kwamba baada ya majuma 24 wagonjwa 21 walikuwa wametulia.

Habari hii ilifurahisha wengi. Lakini wagonjwa wale wote walijua wanakunywa nini, na tumaini peke yake laweza kumtuliza mtu kwa muda. Likafanywa jaribio kubwa la watu 250, wengine wakipewa mayai na wengine maji matupu, pasipo kujua nani amepata nini. Mwaka 2013 jibu likatoka: mayai hayakuyashinda maji. Tujifunze hapa. Ushuhuda wa watu 29 ulikuwa wa kweli, wala hapana aliyesema uongo. Hata hivyo haukutosha kuwa kipimo.

Madhara yasiyo ndani ya kikombe

Mkoa wetu wajua tumaini lililokata tamaa. Hapa Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa Tanzania walipotambuliwa, mwaka 1983, na nyumba nyingi zilitafuta kila mzizi. Hata mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kwa shilingi 500. Ilikuwa dawa ya mizizi ya mugariga. Wako waliofia njiani na katika foleni, na wako walioacha dawa zao wakisema wamepona.

Hapo ndipo penye uzito mkubwa kupita yote. Mara nyingi madhara ya dawa isiyo ya kawaida hayamo ndani ya kikombe, bali katika kile tukiachacho kwa sababu ya kikombe. Mtu aliyetumia prednisoloni miezi mingi, mwili wake umeacha kujitengenezea kitu kile. Akiitupa siku moja kwa kuwa amepata mzizi, aweza kuanguka na kufa. Nasi tutasema mzizi ulikuwa sumu, kumbe mzizi haukufanya neno.

Ndugu yake kuacha ni kuficha. Wakristo wengi hunywa dawa za miti usiku, wakiogopa daktari atawakaripia na mchungaji atawatenga. Ndugu walimu, neno hili latupasa sisi. Tusiuchanganye uaguzi na jani la mti. Kupiga ramli ni neno moja, kuchemsha majani ni jingine. Tukimkemea mtu kwa jani, tutamfundisha kuficha, na daktari asiyeambiwa hawezi kumwokoa.

Maswali ya kuuliza

Kabla hujanywa, uliza haya. Kwanza, ugonjwa wangu umepimwa, na kifua kikuu kimetafutwa? Pili, dawa hii ina nini, na kiasi gani? Asiyetaka kusema, usinywe kwake. Tatu, itagombana na dawa nizitumiazo? Nne, naambiwa niache nini? Ukiambiwa uache dawa ya daktari, ondoka. Tano, nikidhurika, nani ataniangalia?

Ukienda Ndolage, au Rubya, au hospitali ya mkoa Bukoba, chukua chupa yako na majani yako mfukoni, umwonyeshe daktari. Nawe mke au mama wa mgonjwa, andika katika daftari siku aliyoanza dawa, mara alizokwenda chooni, na uzito wake. Na avutaye tumbaku aache, maana huuzidisha ugonjwa huu.

Paulo hakuona haya kutaja tumbo la Timotheo katika waraka wake. Alimshauri divai, tena kidogo, kwa ajili ya maradhi yake ya mara kwa mara. Alitaja dawa, akataja na kiasi, wala hakumficha mtu. Nasi katika nyumba zetu tuseme wazi vivyo hivyo, na Bwana awape wagonjwa wetu saburi, na sisi tuwaangaliao atupe akili ya kupima.