Kidonda cha Sungura Huanzia Sakafuni

Mbwa akipita juu ya changarawe, chini ya vidole vyake mna nyama ngumu inayopokea uzito wote wa mwili. Paka naye anayo. Sungura hana. Chini ya nyayo zake kuna ngozi nyembamba tu iliyofunikwa na manyoya mengi yaliyoshonana, na manyoya hayo ndiyo kiatu chake. Yakilika, au yakishinda yamelowa, uzito unaangukia kwenye ngozi tupu. Mfupa wa kisigino unaibana kwa ndani, waya au ubao unaibana kwa nje. Ngozi iliyobanwa hivyo hukosa damu, na ngozi isiyopata damu hufa.

Hivyo ndivyo vidonda vya miguu vinavyoanza, na ndiyo sababu chupa ya dawa peke yake haiviponyi.

Nchini Tanzania sungura mara nyingi huwa mali ya watoto wa nyumba. Mtoto hupewa jike na dume, baba au kaka mkubwa hugonga kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, na kazi ya kukata majani humwangukia mtoto akitoka shule. Kwenye wilaya jirani za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kibanda hicho hicho hukutana na hali mbili tofauti za hewa. Mbulu iko kwenye nyanda za juu. Masika huleta ukungu na matope mekundu, na Juni na Julai baridi inauma. Matandiko yakilowa huko hayakauki upesi. Hanang, ukishuka kuelekea Katesh na Ziwa Balangida, ni pakavu zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na anayemsumbua sungura kule ni sakafu ngumu, joto na nzi.

Kuna pia suala la pesa. Miaka ya karibuni wafugaji wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakiuza mkojo wa sungura kama mbolea ya maji na dawa ya kufukuza wadudu shambani. Ili kuukinga mkojo unahitaji sakafu ya wavu: mkojo unapenya, unateremka kwenye bati, unaingia ndooni. Banda hubaki safi na mfugaji hupata kitu cha kuuza. Ila sungura anasimama juu ya nyuzi za chuma usiku na mchana, na akiwa wa aina kubwa, kama New Zealand White ambaye akikomaa hufika kilo 4 hadi 5, kila uzi una kazi ya kubeba sehemu ya uzito huo. Sungura aina ya Rex, wenye manyoya mafupi kama mahameli, huumia mapema zaidi kwa kuwa hata nyayoni manyoya yao ni haba.

Dalili ya kwanza ni ndogo, na wengi huipita: kiduara kisicho na manyoya chini ya kisigino, ngozi yake ya waridi inayong'aa. Hapo bado hakuna kidonda. Baadaye ngozi hiyo huwa nyekundu na nene, ikapasuka, ikafunga kigaga. Chini ya kigaga ndipo bakteria huweka makazi, hasa Staphylococcus aureus, ambaye huishi kwenye ngozi za wanyama na watu bila kuleta shida mpaka apate mlango. Usaha wa sungura ni mzito sana na hautiririki, kwa hiyo jipu lake halijitoboi na kujisafisha kama la binadamu. Maambukizi yakishuka hadi kwenye kano na mfupa, hata daktari hodari huwa na kazi ngumu, na wakati mwingine hakuna la kufanya ila kumpumzisha mnyama.

Ni nadra sungura kulia akiumia. Yeye ni kitoweo cha mwewe na mbweha, na maumbile yamemfundisha kuficha udhaifu. Anayemfuga ndiye anayepaswa kuyasoma maumivu: kukaa pembeni amejikunja, kuhamisha uzito toka mguu huu kwenda ule, kusaga meno, kukataa kuruka. Kubwa kuliko yote ni kuacha kula. Utumbo wa sungura hauna budi kusukuma nyuzi za majani saa zote, na akipitisha nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura, hata kama kidonda chenyewe kinaonekana kidogo.

Chanzo kingine cha vidonda ni mkojo, nao una sayansi yake. Wanyama wengi huchukua tumboni kiasi cha kalsiamu wanachohitaji. Sungura huchukua karibu yote iliyomo kwenye chakula, kisha figo hutoa ziada. Ndiyo maana mkojo wake mara nyingi huwa na ukungu mweupe, na ukikauka huacha alama kama ya chokaa. Huo si ugonjwa. Wala wekundu wa mkojo si lazima uwe damu, kwani rangi za baadhi ya majani hupita mpaka kwenye mkojo. Cha kutia shaka ni mkojo mzito kama tope, sungura anayejikamua kwa shida, au manyoya ya mapajani na chini ya mkia yanayolowa kila siku na kugeuka njano.

Ngozi iliyolowa mkojo hulainika, hubabuka na kunyonyoka manyoya. Mkojo ukikaa kwenye matandiko, bakteria huuvunja na kutoa amonia, ile harufu inayochoma pua na macho. Pua ya sungura iko sentimita chache tu kutoka sakafuni. Mtu aliyesimama akiisikia harufu hiyo, sungura ameshaivuta siku nyingi. Na hapa kuna desturi moja ya kuangaliwa upya. Watu wengi humwaga majivu bandani ili kukausha na kuua viroboto. Kwenye banda la kuku lililo kavu, sawa. Kwenye matandiko yaliyolowa mkojo wa sungura, majivu huongeza nguvu ya magadi, na kadiri magadi yanavyozidi ndivyo amonia inavyofukuzwa kutoka kwenye maji kwenda hewani. Majivu yaliyolowa pia huunguza ngozi ambayo tayari imebabuka. Heri kuyazoa matandiko yote na kuyapeleka shambani.

Si kila sungura aliyelowa ana banda chafu. Mnene kupita kiasi hawezi kujisafisha nyuma. Mzee mwenye viungo vinavyouma hainui kiuno vizuri anapokojoa. Mwingine ana mchanga au mawe kwenye kibofu. Mwingine ameshambuliwa na kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, kinachoharibu figo na mishipa ya fahamu. Kuna hata kaswende ya sungura, isiyoambukiza binadamu, inayotoa vigaga sehemu za siri, midomoni na puani. Sungura mwenye tatizo kama haya ataoshwa mwezi mzima asipone, kwa sababu tatizo lake si mkojo.

Basi matibabu yaanze chini. Kama sakafu ni ya wavu, uwekwe ubao laini au mkeka mnene juu ya nusu yake. Sungura mwenyewe atachagua pa kukaa, na mkojo bado utakingwa upande wa pili. Nchini Hispania, watafiti waliokagua mashamba mengi ya sungura waligundua kwamba majike waliowekewa kipande cha plastiki cha kukanyagia juu ya wavu walikuwa na vidonda vichache kuliko waliokosa. Austria ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku kufuga sungura wa nyama kwenye vizimba kuanzia 2012. Manyara haihitaji kuagiza plastiki kutoka Ulaya. Hanang ni nchi ya ngano. Mashamba makubwa ya Basotu yalipanuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Canada, na baada ya mavuno mabua makavu hayakosekani. Yakitandazwa unene wa kiganja au zaidi, baada ya kuondolewa masuke yenye miiba inayochoma, hayo ni matandiko bora kuliko maranda ya fundi seremala. Kipimo ni rahisi: kandamiza kiganja kwenye matandiko, uhesabu hadi kumi, uangalie. Kiganja kikitoka na unyevu, badilisha.

Kumsafisha sungura si kumwogesha. Kumtumbukiza kwenye beseni, tena kwenye baridi ya Mbulu, kunaweza kumuua kwa mshtuko. Ashikwe na watu wawili, mmoja akimkinga makalio kwa mkono, kwa sababu akipiga teke akiwa anang'inia anaweza kuvunja uti wa mgongo. Sehemu iliyolowa tu ndiyo ioshwe, kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kutiwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi kwa nusu lita, kisha ikaushwe kabisa kwa kitambaa laini. Manyoya yaliyogandamana mapajani yakatwe kwa uangalifu. Ya nyayoni yasiguswe hata yakiwa machafu. Iodini iliyozimuliwa mpaka ikawa na rangi ya chai hafifu inafaa kwa kidonda kilicho wazi. Mafuta mepesi ya mgando huikinga ngozi dhidi ya mkojo, lakini yapakwe baada ya ngozi kukauka. Spiriti, Dettol na Jik zibaki kwenye kabati. Kucha ndefu nazo zipunguzwe, maana humlazimisha sungura kuegemea kisigino.

Kwenye dawa ndipo makosa makubwa hutokea. Penisilini, ampisilini na amoksilini zikipita kinywani mwa sungura huua bakteria wema wa utumbo wake, na wale wabaya wanaobaki hutoa sumu. Mnyama huharisha na kufa ndani ya siku chache. Vidonge vilivyobaki nyumbani baada ya mtoto kupona kikohozi mara nyingi vimo kwenye kundi hilo hilo. Penisilini ya sindano ina matumizi yake, lakini ni ya daktari. Krimu zenye steroidi, zinazouzwa kirahisi madukani kwa ajili ya ngozi za watu, hupenya ngozi ya sungura na kushusha kinga yake. Dawa ya viroboto yenye fipronil, salama kwa mbwa, imeshaua sungura wengi.

Chakula ni sehemu ya tiba. Nyasi, mbichi na kavu, ziwe sehemu kubwa kuliko vyote. Pumba na mahindi vimnenepeshe kuku. Maji safi yasikosekane, kwani anayekunywa kidogo hukojoa mkojo mkali. Majani ya lukina yana kemikali inayonyonyoa manyoya, hivyo yasiwe mlo wa kila siku. Na kwa wakazi wa Mbulu, wilaya inayojulikana kwa vitunguu saumu: mabaki ya zao hilo yasitupwe bandani, kwani jamii yote ya vitunguu huharibu damu ya sungura.

Katika miezi ya joto miguu na mkia vikaguliwe kila siku. Nzi hutaga kwenye manyoya yenye mkojo, mayai huweza kuanguliwa chini ya siku moja, na funza huanza kula ngozi ya mnyama aliye hai. Hapo hakuna kungoja kesho.

Kidonda chenye usaha au uvimbe, au kinachomfanya sungura achechemee, kinahitaji mtaalamu. Halmashauri za Mji wa Mbulu, Wilaya ya Mbulu na Wilaya ya Hanang zina maofisa mifugo, ingawa katika nchi ya Wairaqw na Wabarbaig ofisa huyo ameshughulika zaidi na ng'ombe na mbuzi. Mfugaji asione haya kumpelekea sungura. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haikuwaacha wanyama wadogo nje. Amweleze sungura amekula nini, amekaa juu ya sakafu gani na ameshapewa dawa ipi. Kidonda kilichowahiwa, sakafu ikibadilishwa siku hiyo hiyo, huchukua wiki kadhaa kufunga. Kilichofika mfupani huchukua miezi, na manyoya ya nyayoni huenda yasirudi tena. Anayejenga banda jipya mwaka huu anunue ubao wa kukanyagia siku ile ile anayonunua wavu.