Msongo wa Oksidishaji katika Seli Nyekundu za Damu: Upungufu wa Kimeng'enya cha G6PD na Athari Zake kwa Tiba ya Malaria

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi ya afya yanayowalenga wasomaji wa kawaida, molekuli tendaji za oksijeni huelezwa kama adui wa mwili, na vizuia-oksidishaji kama mlinzi wake. Maelezo hayo ni mepesi kukumbukwa, lakini hayatoshi kueleza ni kwa nini dawa ileile, kwa kipimo kilekile, humponya mgonjwa mmoja na kuiharibu damu ya mwingine. Makala hii inafafanua suala hilo kwa kutumia mfano mmoja, yaani upungufu wa kimeng'enya cha glukosi-6-fosfeti dihaidrojinasi, kinachofahamika kwa kifupi kama G6PD. Upungufu huu ni wa kurithi na unakadiriwa kuwapata watu zaidi ya milioni 400 duniani. Ramani ya maeneo yake ya asili hukaribiana sana na ramani ya malaria: Afrika Kusini mwa Sahara, nchi za Bahari ya Mediterania, Uarabuni na Asia ya Kusini Mashariki. Walio wengi miongoni mwao huishi bila dalili yoyote, hadi siku wanapopewa dawa fulani.

2.0 Seli Isiyoweza Kujikarabati

Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, haina mitokondria wala ribosomu. Kwa hiyo haiwezi kuunda protini mpya. Vimeng'enya ilivyoingia navyo katika mzunguko wa damu ndivyo itakavyovitegemea kwa muda wa takriban siku 120 za uhai wake. Wakati huohuo, kazi yake ni kubeba oksijeni kwa kutumia madini ya chuma yaliyomo ndani ya himoglobini, na kazi hiyo yenyewe ni ya hatari. Kila siku sehemu ndogo ya himoglobini, kati ya asilimia 1 na 3, hujioksidisha na kuwa methimoglobini, na katika tendo hilo superoksaidi huzalishwa. Superoksaidi nayo hugeuka kuwa haidrojeni peroksaidi. Msongo wa oksidishaji, kwa maana hiyo, haungoji sumu kutoka nje. Seli huuzalisha kwa kutekeleza wajibu wake wa kawaida.

Kinga kuu dhidi ya hali hii ni glutathioni, ambayo husaidia kuigeuza peroksaidi kuwa maji. Baada ya tendo hilo glutathioni hubaki katika hali ya kuoksidishwa, na ili itumike tena ni lazima irejeshwe katika hali yake ya awali kwa msaada wa molekuli iitwayo NADPH. Seli nyingine za mwili zina njia kadhaa za kuipata NADPH. Seli nyekundu ina njia moja tu, yaani njia ya fosfeti ya pentosi, na hatua ya kwanza ya njia hiyo husimamiwa na G6PD. Kimeng'enya hicho kikilegea, hakuna mlango wa nyuma.

Katika aina ya upungufu iliyoenea zaidi barani Afrika, inayojulikana kama A-, kimeng'enya huundwa lakini si imara, hivyo hupungua kwa kasi kadiri seli inavyozeeka. Seli changa huwa na kiasi kinachokaribia kutosha, ilhali seli kongwe hubaki karibu mikono mitupu. Aina ya Mediterania ni kali zaidi, kwani hata seli changa huwa na upungufu mkubwa. Aina hii ndiyo iliyotawala nchini Oman, ambako aina ya A- pia hupatikana; jambo hilo halishangazi kwa yeyote anayeifahamu historia ya mawasiliano kati ya pwani ya Afrika Mashariki na Uarabuni, na linapaswa kumtahadharisha mtafiti asidhani kuwa kila mgonjwa mwenye upungufu katika pwani hiyo ana aina ileile.

Dawa yenye nguvu ya kuoksidisha inapoingia, glutathioni huisha kabla ya kurejeshwa. Himoglobini huharibika na kuganda katika vitone vidogo, vijulikanavyo kama vitone vya Heinz, ambavyo hujibandika kwenye utando wa seli. Utando hupoteza unyumbufu wake. Baadhi ya seli hunaswa na wengu na kuondolewa, nyingine hupasuka ndani ya mishipa yenyewe. Mgonjwa huishiwa nguvu, macho huwa ya manjano, na mkojo hubadilika ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Katika hali mbaya figo nazo huathirika.

3.0 Jinsi Kasoro Ilivyotambuliwa

Ufahamu huu ulitokana na majaribio ya dawa za malaria yaliyofanywa katika gereza la Stateville, jimboni Illinois, Marekani, kuanzia kipindi cha Vita vya Pili vya Dunia. Watafiti waliokuwa chini ya Alf Alving wa Chuo Kikuu cha Chicago walibaini kwamba primakwini iliwasababishia upungufu wa damu wa ghafla baadhi ya wafungwa, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi. Swali lilikuwa iwapo kasoro ilikuwa katika damu yenyewe au katika namna mwili ulivyoichakata dawa. Mwaka 1954 jibu lilipatikana kwa njia ya moja kwa moja: seli nyekundu za watu walioathirika ziliwekewa alama ya kromiamu yenye mnururisho, kisha zikaongezwa kwa watu wasioathirika. Primakwini ilipotolewa, seli zilizotoka kwa wengine ziliharibiwa na seli za mpokeaji mwenyewe zikasalimika. Kasoro ilikuwa ndani ya seli. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake walikitambua kimeng'enya chenyewe.

Jambo la pili lililoonekana Stateville lina uzito mkubwa kwa tiba. Wafungwa wenye aina ya A- walipoendelea kupewa dawa kila siku, uharibifu wa damu ulikoma wenyewe baada ya muda. Dawa haikubadilika, kilichobadilika ni umri wa seli. Seli kongwe zilikuwa zimekwisha kufa, na zilizobaki zilikuwa changa, zenye kimeng'enya cha kutosha kuistahimili. Elimu hii hunukuliwa mara nyingi bila kutajwa ilikopatikana. Ridhaa ya mfungwa, hata aliyeitia saini, si ridhaa ya mtu huru, na msomi anayeitumia anawajibika walau kulisema hilo.

4.0 Oksidishaji kama Silaha

Kimelea cha malaria hukaa ndani ya seli hiyohiyo na kuila himoglobini yake. Mabaki ya mlo huo ni himu huru, ambayo ni sumu kwa kimelea, hivyo huigeuza kuwa fuwele zisizo na madhara kwake. Kimelea, kwa hiyo, huishi daima kwenye ukingo wa msongo wa oksidishaji. Artemisinini, dawa ambayo utafiti wake ulimpatia Tu Youyou Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, huutumia ukingo huo: daraja la peroksaidi lililomo ndani ya molekuli yake huvunjwa na chuma cha himu, na radikali zinazotokea hushambulia protini za kimelea. Hapa msongo wa oksidishaji ndiyo tiba yenyewe.

Kwa mantiki hiyohiyo imependekezwa kuwa upungufu wa G6PD umedumu vizazi na vizazi kwa sababu humpa kimelea makazi mabaya. Ushahidi, hata hivyo, haujanyooka. Utafiti uliofanywa Gambia na Kenya na kuchapishwa mwaka 1995 ulionesha kinga dhidi ya malaria kali kwa wavulana wenye upungufu na pia kwa wasichana wenye nakala moja ya jeni. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2015 uliikuta kinga hiyo kwa wasichana wenye nakala moja tu, si kwa wavulana. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2017 uliashiria kuwa upungufu hupunguza hatari ya malaria ya ubongo lakini huongeza hatari ya upungufu mkali wa damu utokanao na malaria. Tokeo hili la mwisho ndilo linaloelekea kuukaribia ukweli, kwani linaafikiana na utaratibu wa kiseli ulioelezwa: seli inayomsumbua kimelea ni seli inayokufa mapema.

5.0 Kipimo, Muda na Upimaji

Historia ya Lapdap, dawa iliyounganisha kloroproguanili na dapsoni, inaonesha gharama ya kutolizingatia jambo hili mapema. Ilikusudiwa kuwa tiba nafuu kwa Afrika, na ilipata idhini mwaka 2003. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni, baada ya kubainika kuwa dapsoni ilishusha himoglobini kwa kiwango cha hatari kwa wagonjwa wenye upungufu wa G6PD.

Primakwini ilifuata mkondo tofauti. Ndiyo dawa inayoua gametosaiti zilizokomaa za *Plasmodium falciparum*, hivyo humzuia mbu kuusambaza ugonjwa. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, badala ya 0.75, bila sharti la kupima G6PD. Dozi hiyo moja huzigusa seli kongwe chache na kuziacha nyingine. Kwa *Plasmodium vivax*, inayohitaji dawa kwa siku kadhaa, upimaji hauepukiki.

Vizuia-oksidishaji navyo havikutoa njia ya mkato. Vitamini C kwa dozi kubwa kupitia mshipa imewahi kusababisha uharibifu wa damu kwa watu wenye upungufu huu, kwa kuwa katika wingi huo huchangia kuzalisha peroksaidi. Methilini bluu, dawa ya methimoglobini, huhitaji NADPH ili ifanye kazi. Kwa mgonjwa asiye nayo, haisaidii na yaweza kumdhuru.

Upimaji wenyewe una mitego miwili. Wa kwanza unawahusu wanawake. Jeni ya G6PD imo katika kromosomu X, na kwa kuwa kila seli huizima X moja, mwanamke mwenye nakala moja yenye kasoro huwa na makundi mawili ya seli katika damu yake, kama Ernest Beutler na wenzake walivyoonesha mwaka 1962. Kipimo cha nukta ing'aayo hutambua vyema utendaji ulio chini ya takriban asilimia 30; mwanamke huyo aweza kuwa na asilimia 50 na akaandikiwa kuwa ni mzima, ilhali nusu ya seli zake haziwezi kujitetea. Ndiyo maana tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 na ambayo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, huhitaji kipimo cha kiasi na utendaji unaozidi asilimia 70.

Mtego wa pili hutokea wakati wa dharura. Mgonjwa wa aina ya A- anapofikishwa kituoni akiwa na mkojo mweusi, seli zake kongwe zimekwisha kupasuka na uboho unamimina seli changa zenye kimeng'enya kingi. Damu ikichukuliwa siku hiyo, jibu laweza kuwa la kawaida, na likabaki katika kadi yake hadi atakapoandikiwa dawa ileile tena. Kipimo hicho kinapaswa kurudiwa baada ya takriban miezi mitatu, seli zikiwa zimepata muda wa kuzeeka, na kadi ioneshe tarehe ya tukio pamoja na tarehe ya kipimo.