Ekari Kumi za Arash: Mshikaji Nusura Auziwe Mbuzi kwenye Gunia

Mshikaji wangu mmoja wa hapa Arusha, ambaye jina lake naliweka mfukoni maana tunakula sahani moja, alinijia jioni na karatasi iliyokunjwa mara nne. Uso unang'aa kama kashinda bahati nasibu.

"Mwanangu, nimeula! Ekari kumi Arash, bei ya kutupa. Miaka mitano ijayo tunaweka kambi ya watalii, wewe utakuwa meneja."

Nikaikunjua ile karatasi. Hati ya mauziano, imepigwa taipu vizuri tu. Saini ya muuzaji, saini ya mwenyekiti wa kijiji, muhuri wa bluu. Keshatoa laki tatu za kishika uchumba kwa dalali. Salio ni milioni mbili na nusu, na nusu ya hizo ni za mama yake, mwalimu mstaafu. Hapo ndipo umeneja ulipoanza kunitoka.

Kama Arash huijui, iko tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kusini ya mji mdogo wa Wasso. Ni Loliondo ile ile ambayo mwaka 2011 nusu ya nchi ilikwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi mia tano. Wenyeji wa Arash ni Wamasai, na ardhi yao ni ng'ombe kwanza, mengine baadaye.

Mimi si wakili, shule niliishia kidato cha nne. Ila nimeshaulizwa maswali haya na watu wengi vijiweni, nikalazimika kuzisoma sheria zenyewe na kusumbua wanaozijua. La kwanza linaloulizwa ni hili: saini ya mwenyekiti si inatosha?

Haitoshi, ndugu yangu. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Wewe unachonunua ni haki ya kuitumia. Halafu imegawanywa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Ya kijiji inaendeshwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri ni kikao cha watu 15 mpaka 25, siyo mtu mmoja mwenye muhuri kwenye mfuko wa koti. Na hata hiyo halmashauri haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, uwe umekubali. Kama ni mtu anauza eneo ambalo tayari ni lake kimila, bado halmashauri lazima iidhinishe, na itataka kujua wewe mgeni unakuja kuishi na kufanya kazi pale au unakuja kuzungusha seng'enge na kurudi zako mjini.

Kwa hiyo karatasi ya kuomba kuonyeshwa ni muhtasari wa kikao. Tarehe, akidi, majina ya waliohudhuria. Nikamuuliza mshikaji, muhtasari uko wapi? Akakuna kichwa.

Tukaamua kwenda. Basi la Loliondo linaondoka Arusha alfajiri, linapita Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero chini ya Ol Doinyo Lengai, ukifika Wasso nywele zako zimekuwa za babu kwa vumbi. Kutoka hapo pikipiki. Dalali alisema atatupokea. Simu ikaita mara mbili, ya tatu ikawa haipatikani.

Ofisini kijijini tukamkuta mtendaji na wazee wawili. Tukawapa shikamoo zao, mshikaji akatoa karatasi. Mtendaji akaisoma, akamsogezea mzee mmoja, mzee akaturudishia bila kuitazama mara ya pili.

"Vijana, mmeonyeshwa wapi?"

Mshikaji akaeleza: kule kwenye tambarare, upande wa Serengeti, dalali alimpigia picha. Wale wazee wakatazamana.

"Huko hata sisi hatuchungi siku hizi," mzee akasema. "Nani kakuuzia?"

Hapa msomaji inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Mwaka 1992 serikali iliipa kampuni ya uwindaji ya OBC, yenye wenyewe Falme za Kiarabu, kitalu cha Loliondo. Ndiyo ile kashfa ya Loliondo aliyoifukua marehemu Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi. Tangu hapo mgogoro haukulala. Mwaka 2017 maboma yalichomwa moto, na vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na hiyo Arash, vikaishitaki serikali Mahakama ya Afrika Mashariki. Juni 2022 zikachomekwa bikoni kuzunguka kilomita za mraba 1,500 kukiwa na vurugu na watu kuumia, eneo likatangazwa pori tengefu la Pololeti, na baadaye mwaka huo huo pori la akiba. Septemba 2022 mahakama ikatupa kesi ya vijiji, Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaamuru isikilizwe upya.

Sasa wewe piga picha. Watu wamezaliwa pale, babu zao wamechunga pale, wameenda mpaka mahakama ya nchi kadhaa kugombea yale malisho. Halafu anatokea mtu wa mjini na risiti ya laki tatu, anauliza bikoni zake ziko wapi! Nilitamani ardhi hiyo hiyo inimeze.

Mzee hakufoka. Alituagizia chai ya maziwa, akasema kama ni wakulima au wafugaji tunaotaka kuhamia kweli, tuandike barua kijijini, isomwe mkutanoni. Ila malisho ya wote hayauzwi na mtu. Na kweli, sheria inaruhusu hata kundi zima kupata hati moja. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, kule Mbulu, walipata yao ya pamoja mwaka 2011.

Maswali mengine nayajibu haraka haraka. Hati ya kimila ni kanyaboya? Hapana, kisheria ina hadhi sawa na ile ya Kamishna wa Ardhi, na haina lazima ya kuwa na ukomo, wakati ile ya mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ya tangu 1959, unaweza kununua kiwanja? Thubutu. Mzungu wako je? Asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa, kwa hiyo akikuomba muandikishe kwa jina lako, jua anayelala na kesi ni wewe. Na dada zangu msikilize: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Mnunuzi, muulize muuzaji mkewe yuko wapi, umuone kwa macho.

Ukitaka kiwanja chenye hati, tuseme Karatu mjini, kwanza fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililoandikwa na kama benki haijakishikilia. Baadaye wakili, kodi, ushuru wa stempu, uhamisho. Ni mlolongo unaochosha, nakubali.

Laki tatu hazijarudi. Mama yake hajaambiwa mpaka leo, na nimeapishwa nisiseme, ndiyo maana jina silitaji. Wiki iliyopita dalali kapiga kwa namba nyingine. Sasa ana kiwanja Karatu, "hatua chache tu toka lami." Mshikaji kamjibu, sawa kaka, nitajie namba ya hati nikafanye upekuzi.

Simu ikakatika.