Jinsi tarakilishi inavyosoma picha ya jicho la mgonjwa wa kisukari

MGONJWA wa kisukari anapofika kliniki mjini Nyamira, Keroka au Ogembo, hupimwa kiwango cha sukari, shinikizo la damu na uzani. Sehemu ya mwili ambayo husahaulika kwa urahisi ni ile isiyoonekana kwa macho matupu: utando ulio nyuma ya jicho, unaoitwa retina, ambao hupokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kama taarifa.

Sukari inapokaa juu kwa miaka mingi, hudhoofisha mishipa midogo ya damu katika utando huo. Mishipa hiyo hufura na kutoa vifuko vidogo mno, kisha huvuja damu na mafuta. Hatimaye jicho huotesha mishipa mipya, dhaifu, ambayo hupasuka na kulijaza jicho damu au kuivuta retina hadi ibanduke. Haya yote huweza kuendelea bila maumivu yoyote. Mtu huendelea kuchuma majani chai na kusoma gazeti lake hadi siku anapogundua kwamba jicho moja limetanda ukungu. Kufikia hapo matibabu ya miale ya leza au sindano huokoa kilichosalia tu, na ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba retina ya mgonjwa wa kisukari ichunguzwe kila mwaka, hata kama anaona vyema.

Ushauri huo ni rahisi kuutoa kuliko kuutekeleza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Madaktari bingwa wa macho nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi, umbali wa takriban kilomita 300. Isitoshe, utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu asilimia 88 ya Wakenya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa sukari katika damu. Kwa hivyo wapo watu wanaougua macho kutokana na ugonjwa wasioujua.

Hapo ndipo tarakilishi inapoingia. Muuguzi au fundi aliyefunzwa kwa muda mfupi anaweza kupiga picha ya retina kwa kamera maalumu inayotazama ndani kupitia mboni, na programu ikaichunguza picha hiyo papo hapo.

Kwa tarakilishi, picha si jicho. Ni jedwali kubwa la nambari. Kila nukta ya picha huwa na nambari tatu, zinazoeleza kiasi cha rangi nyekundu, kijani na samawati. Programu za awali aghalabu zilianza kwa kuchukua ile ya kijani peke yake, kwa sababu damu hufyonza sana mwanga wa kijani, hivyo mishipa hujitokeza kama mistari myeusi juu ya mandhari meupe zaidi. Kisha programu husawazisha mwanga, kwa kuwa ukingo wa picha huwa na giza kuliko katikati, na kuchora ramani ya mishipa yote ili isichanganye mshipa wa kawaida na damu iliyovuja. Baada ya hapo hutafuta vijidoa vyeusi vya mviringo, ambavyo huenda ni vile vifuko vilivyofura, na madoa ya manjano yanayong’aa, ambayo ni mafuta.

Mbinu mpya zaidi, zinazojulikana kama akili unde, haziambiwi zitafute nini. Hupewa maelfu ya picha ambazo madaktari wamekwisha kuzipa alama, na zenyewe hurekebisha mamilioni ya nambari zao za ndani hadi majibu yao yakaribiane na ya madaktari. Kampuni ya Google ilipochapisha matokeo ya programu yake Desemba 2016, ilikuwa imetumia picha 128,175 kutoka Marekani na India, zilizokaguliwa na wataalamu 54, kila picha ikitazamwa mara tatu hadi saba. Aprili 2018, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba nchini Marekani iliidhinisha mtambo wa kwanza unaotoa uamuzi kuhusu ugonjwa huu bila daktari kuipitia picha.

Kwa msomaji wa Gusii, ushahidi wa karibu zaidi unatoka Nakuru. Mnamo 2007 na 2008, watafiti wakiongozwa na daktari wa macho Mkenya, Dkt Wanjiku Mathenge, waliwachunguza watu 4,381 wa umri wa miaka 50 na zaidi na kuwapiga picha za retina. Picha hizo zilisomwa kwanza na binadamu. Baadaye, watafiti walizipitisha katika programu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka wa 2015. Kati ya watu 3,460 waliojumuishwa, 113 walikuwa na dalili za ugonjwa huo. Programu ilizitambua dalili kwa kiwango cha asilimia 91, na miongoni mwa wagonjwa wa kisukari haikukosa hata mmoja ambaye uwezo wake wa kuona ulikuwa hatarini.

Hayo ni matokeo mazuri, lakini hayamalizi maswali. Programu inayotegwa isikose mgonjwa hushuku pia watu wasio na neno, na kila anayeshukiwa huongeza foleni katika hospitali ya rufaa. Kuna pia suala la rangi. Retina ya Mwafrika kwa kawaida ina weusi zaidi kuliko ya Mzungu, na programu iliyofunzwa kwa macho ya watu wengine yafaa ijaribiwe upya kabla ya kuaminiwa. Zambia ilifanya hivyo: programu iliyofunzwa kwa picha za Singapore ilijaribiwa kwa picha 4,504 za wagonjwa 1,574, na matokeo ya 2019 yakaonyesha kwamba ilitambua zaidi ya asilimia 92 ya waliohitaji rufaa.

Kikwazo kigumu zaidi, pengine, si hesabu bali chumba chenyewe cha kupigia picha. Programu ya Google ilipopelekwa katika kliniki za Thailand, asilimia 21 ya picha 1,838 za miezi sita ya kwanza zilikataliwa na mtambo kwa kukosa ubora. Vyumba vingine havikuwa na giza la kutosha, na intaneti ikawa ya kusuasua. Mgonjwa ambaye picha yake imekataliwa huambiwa aende kwa mtaalamu siku nyingine, hata kama jicho lake ni zima. Wazee wenye mtoto wa jicho wako katika hatari hiyo hasa, kwani lenzi iliyofifia huifanya picha iwe na ukungu. Yeyote anayefikiria kununua kamera kwa ajili ya vituo vya afya vya Nyansiongo au Kenyenya angefanya vyema kuuliza kwanza kuhusu mapazia, umeme na mtandao.

Faida ambayo wauzaji wa mitambo hawaitaji sana ni ya muda. Dkt Mathenge aliongoza utafiti mwingine nchini Rwanda, uliochapishwa 2022, ambapo wagonjwa 275 waliohitaji rufaa waligawanywa katika makundi mawili. Wale waliopewa jibu la tarakilishi siku hiyohiyo walifika kwa mtaalamu kwa kiwango cha asilimia 51.5. Walioambiwa wasubiri jibu la binadamu kwa siku chache walifika kwa asilimia 39.6. Tofauti ilitokana na kuambiwa mapema, uso kwa uso, wala si ubingwa wa mtambo. Hata hivyo, karibu nusu ya waliojibiwa mara moja hawakufika. Mtambo hauna nauli ya kumpa mtu wa Ekerenyo anayetakiwa kufika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, wala haumlipii leza.

Hatimaye kuna suala la umiliki wa picha. Retina ina siri nyingi: utafiti wa Google wa 2018 ulionyesha kwamba tarakilishi inaweza kukisia jinsia ya mtu, umri wake na iwapo anavuta sigara, kwa kutazama picha hiyo pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na kifungu chake cha 35 kinampa mwananchi haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mtambo peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mgonjwa anaweza kuuliza picha yake inahifadhiwa wapi, na kuomba binadamu aitazame.