Usiache forosadi zioze: pika kobla kwa mkaa, kisha uihifadhi salama

Kama nyumbani kwako kuna mforosadi, unayajua mambo yake. Ukianza kuzaa, watoto wanashinda mtini, mashati ya shule yanarudi na madoa ya zambarau, na bado nusu ya matunda yanaanguka na kuliwa na sisimizi. Forosadi hazingoji mtu. Ukizichuma leo asubuhi, kesho jioni zimeshalainika na kutoa maji.

Msimu uliopita niliamua zisipotee. Nikapika kobla, pishi la Wamarekani: matunda yenye sukari chini, donge laini la unga juu, vyote vinaokwa pamoja. Wenzetu hao hupenda kutumia tunda jeusi la kichaka chenye miiba, linalofanana sana na forosadi. Lakini ni sura tu, maana forosadi ni ukoo mmoja na fenesi. Walowezi wa zamani wa huko, wakiwa hawana oveni, waliweka chungu cha chuma motoni na makaa juu ya mfuniko. Ndivyo sisi tunavyopalia wali mpaka leo.

Kobla ilitoka vizuri. Kosa nililifanya baadaye. Niliifunika ingali ya moto, nikaiacha mezani usiku kucha ndani ya sufuria ileile, asubuhi nikamfungia kitinda mimba wangu aende nayo shule. Saa sita mchana nikapigiwa simu kwamba mtoto anatapika. Namshukuru Mungu alipata nafuu kabla ya jioni. Mama mkwe alionja kipande kilichobaki, akatema. "Mwanangu, hii imechacha. Chakula cha moto hakifunikwi kikalazwa mezani."

Ndiyo maana leo nakupa mapishi na hifadhi kwa pamoja.

MAHITAJI (watu sita)

Matunda:
• Forosadi zilizoiva vikombe 4
• Sukari theluthi moja ya kikombe
• Maji ya limau vijiko 2 vya chakula
• Unga wa ngano kijiko 1 cha chakula

Donge la juu:
• Unga wa ngano kikombe 1 na nusu
• Sukari robo kikombe
• Beking pauda vijiko 2 vya chai
• Chumvi robo kijiko cha chai
• Siagi vijiko 6 vya chakula
• Maziwa nusu kikombe

NAMNA YA KUANDAA

1. Osha forosadi upesi bila kuziloweka, chuja maji, kata vikonyo. Changanya na sukari, limau na unga.

2. Paka siagi sufuria nzito, mimina matunda.

3. Changanya vitu vikavu vya donge. Fikicha siagi ndani yake kwa vidole mpaka iwe kama chenga. Tia maziwa, koroga kidogo tu. Ukikanda kama chapati, litakuwa gumu.

4. Chota donge kwa kijiko, weka juu ya matunda ukiacha nafasi mvuke upite.

5. Funika. Weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Baada ya nusu saa chungulia. Iko tayari ikiwa juu imekuwa ya kahawia, matunda yanatokota pembeni, na kijiti ulichochoma kwenye donge kinatoka kikavu. Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 190 kwa dakika 35 hadi 40.

Pikia nje au barazani. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua.

HIFADHI

Iache ipoe bila kufunika, ila isizidi saa mbili nje. Hamishia kwenye bakuli la kioo au la plastiki lenye mfuniko, kwa sababu uchachu wa matunda haupatani na sufuria ya alumini. Kwenye friji itakaa siku tatu. Ukiipasha, rudisha motoni mpaka iwe moto hadi katikati, na upashe kile kinacholiwa tu.

Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo. Likibaki limefungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne.

Huna friji? Pika nusu ya kipimo, iliwe siku hiyohiyo, iishe. Usidhani sukari itailinda. Jamu hudumu kwa sababu ina sukari nyingi sana, kobla haina.

Mwenye friza ana njia bora zaidi: tandaza forosadi kwenye sinia, zigande, kisha zitie kwenye mfuko na kuufunga vizuri. Zitakaa miezi sita, na utapika kobla mbichi kila watoto wakiitaka.

Kitinda mimba wangu bado anaipenda. Siku hizi, kabla ya kula, ananiuliza kwanza: "Mama, hii ni ya leo?"