Ngozi nayo inajitetea juani

Ndugu wanakooperative, saa sita ya mchana tukiwa kwa shamba, ngozi yetu haikae bure. Mionzi ya jua isiyoonekana, ile ya ultravioleti, ikiipiga, ngozi yenyewe inatengeneza homoni kama zile mwili unatoa tukiwa na woga. Moja, kortisoli, inatuliza uvimbe. Zingine zinaamsha rangi nyeusi ya kutukinga. Lakini jua likizidi, kortisoli hiyo hiyo inalegeza ulinzi wa ngozi.

Baridi ya Lubero isitudanganye: kila mita 1000 tunazopanda, mionzi inaongezeka karibu 10%.

Wenzetu wenye ualbino hawana rangi ya kutosha, na kansere ya ngozi inawafikia mapema. Tupange wafanye kazi kivulini: kuchambua mbegu, kushika mizani. Fungu lao lisipungue. Na sisi wote: kofia pana, mikono mirefu, jembe asubuhi mapema.