Sahani Mbili, Vijiko Viwili: Kulea Mapacha Wadogo

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo nataka tuzungumze na akina mama na akina baba wanaolea mapacha waliokwisha kuanza kutembea, yaani wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Na wewe ambaye huna mapacha, tafadhali usizime redio. Huenda jirani yako anao, na mwishoni nina ombi kwako.

Mzazi wa mapacha wa umri huu hana haja ya kuambiwa kwamba kazi ni nyingi. Mmoja anakimbilia jiko, mwingine anatumbukiza kiatu katika ndoo ya maji ya kunywa. Ukimvalisha huyu, yule anavua. Usiku mmoja akilia, anamwamsha mwenzake. Katika pilkapilka hizo ni rahisi kuanza kuwahesabu watoto wawili kama mtoto mmoja. Utasikia, "Mapacha wamekula," "Mapacha wamelala," "Mapacha hawajambo." Hapo ndipo hatari huanzia. Sikiliza kisa hiki.

Kuna mama mmoja, mchuuzi wa omena, aliyejaliwa mapacha wasichana. Kwa desturi ya Waluo, pacha wa kike anayetangulia kuzaliwa huitwa Apiyo, na anayefuata huitwa Adongo. Nasi tuwaite hivyo. Adongo alizaliwa mdogo sana, na tangu siku hiyo kila mtu alimhofia yeye. Apiyo alikuwa mzito, mwenye mashavu. Walipofika mwaka mmoja, mama alichoka kunyonyesha wawili. Akamwachisha Apiyo kwa kuwa "yeye ana nguvu," akaendelea kumnyonyesha Adongo. Apiyo akawa anashinda kwa uji mwepesi wa mahindi, na jioni ugali kwa mchuzi wa mboga.

Kliniki nayo haikuwa karibu, na kubeba watoto wawili si mchezo. Mama akawa anamleta Adongo peke yake kupimwa. Nikimwuliza, "Na Apiyo je?" hunijibu, "Huyo hana neno, sista. Amenenepa." Nami nililikubali jibu hilo miezi mitatu mfululizo. Nakiri kwamba nilikosea. Ningalimsihi aje naye, au ningalimtuma mhudumu wa afya ya jamii akamtazame nyumbani.

Watoto walipokuwa na miezi 19, mhudumu wetu alipita katika boma lile. Alimkuta Adongo anacheza na vifuniko vya chupa, mwembamba lakini mchangamfu. Apiyo alikuwa ameketi kando ya ukuta, uso umejaa, nywele zimekuwa nyepesi na kubadilika rangi. Hakutaka kucheza, wala hakutaka chakula. Mhudumu alimbonyeza nyayo zote mbili kwa kidole gumba, juu ya mguu, akangoja kidogo, kisha akaachilia. Vishimo vikabaki. Ule haukuwa unene. Yalikuwa maji.

Apiyo alikuwa na utapiamlo mkali, ule uitwao kwashakoo. Ugonjwa huu hudanganya macho kwa sababu mwili huvimba. Hata mizani huweza kuonyesha uzito mzuri, kumbe ni maji. Usipotibiwa unaweza kuua. Kwa kuwa Apiyo alikuwa amekataa kula, ilibidi alazwe hospitalini. Uvimbe ulipoanza kupungua, mtoto alionekana amekonda, na mama akalia akidhani anazidiwa. Tukamweleza kuwa maji yanatoka kwanza, halafu mwili wenyewe utarudi. Na kweli ulirudi. Leo Apiyo anagombana na Adongo kama kawaida.

Msikilizaji, kisa hicho kina mafunzo matatu.

Funzo la kwanza: kila pacha apimwe kivyake. Kila mtoto awe na kijitabu chake cha kliniki, na wote wawili wafike. Usimlinganishe pacha na mwenzake. Mlinganishe na mstari wake mwenyewe katika kijitabu. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda kila mwezi anaendelea vyema. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala au unashuka anahitaji kuangaliwa. Mhudumu wa afya ya jamii pia ana utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, ambapo ni rangi nyekundu, mtoto yumo hatarini na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Hata kipimo kikiwa kizuri, nyayo zote mbili zikibaki na vishimo zinapobonyezwa, mtoto apelekwe siku hiyo hiyo.

Funzo la pili: sahani mbili, vijiko viwili. Mapacha wakilishwa katika sahani moja, mwepesi wa kula atamaliza na mzito wa kula atabaki. Wala wewe mama hutajua nani amekula kiasi gani. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kila mara robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Katikati apewe kitu kidogo kama ndizi, parachichi au kipande cha kiazi kitamu. Uji uwe mzito, unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Utie maziwa, njugu zilizosagwa laini, au omena zilizokaushwa na kusagwa. Ugali uende na maharagwe, ndengu, yai au samaki aliyetolewa miiba. Na kunyonyesha kuendelee kwa wote wawili hadi miaka miwili au zaidi. Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri watoto wanavyonyonya. Mwenye nguvu leo asiachishwe kwa ajili ya mdogo.

Funzo la tatu: dawa ya huyu si ya yule. Mama aliyekesha anaweza kumpa dawa mtoto mmoja mara mbili na kumruka mwingine, hasa wakiwa wanafanana. Mvalishe kila mmoja rangi yake, na uandike kwenye karatasi jina na saa kila unapotoa dawa. Usigawe chupa ya mmoja kwa wote wawili kwa kuwa "wao ni kitu kimoja." Wakiharisha, kila mmoja awe na kikombe chake cha maji ya ORS, na kila mmoja amalize vidonge vyake vya zinki siku zote alizoandikiwa, hata kama kuhara kumekoma. Pakiti za chakula cha njugu zinazotolewa kwa mtoto mwenye utapiamlo ni dawa yake. Pacha mwenzake apewe chakula cha nyumbani. Kumbuka pia chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18, matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Wote wawili, si mmoja.

Na pacha yeyote akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kulala kupita kiasi, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitalini mara moja.

Sasa lile ombi langu. Jirani, shangazi, nyanya, nawe baba wa watoto: yule mama hakumwacha Apiyo nyumbani kwa kutompenda. Alikuwa na mgongo mmoja tu. Siku ya kliniki ikifika, nenda ukambebee mtoto mmoja. Ni asubuhi moja tu kwa mwezi.

Leo jioni, kabla watoto hawajalala, waite mmoja mmoja kwa jina na uwatazame nyayo. Hadi tukutane tena, kwaheri.